Gazeti la Jana

Julai hii haina adabu.
Saa kumi na moja alfajiri, Kawangware,
nakuta baridi imeshakalia kiti cha baiskeli.

Nimejivika kama mtu anayetoroka:
fulana, kisha gazeti la jana kifuani,
kurasa nne (tatu hupitisha upepo),
kisha sweta ya shule ya Kemunto,
iliyomkataa alipofika kidato cha tatu,
kisha jaketi la Gikomba
ambalo zipu yake hutaka kubembelezwa.
Mikononi soksi. Vidole gumba vinanung'unika,
havijapewa chumba chao.
Viatuni, karatasi za mkate.

Wambulwa wa getini hunicheka:
"Unaenda kazini au unahama?"
Simjibu. Mdomo nimeufunga kwa leso,
pumzi yangu ndiyo jiko langu.

Ngong Road sina neno nayo, miguu inajipikia joto.
Ni ule mteremko wa Valley Road:
jasho lote nililochuma
linageuka maji ya kisima mgongoni,
na machozi yanakimbilia masikioni
bila msiba wowote.

Lunga Lunga, mlangoni pa bohari, navua.
Gazeti limelowa, wino umehamia fulanani:
bei ya unga, kinyumenyume,
na nusu ya uso wa mheshimiwa
aliyeahidi njia ya baiskeli.

Jioni Nyanchama, kabla ya kuiloweka,
huiinua kwenye taa, akasoma polepole.
"Kumbe na mafuta yamepanda."
Kisha karai, sabuni, kusugua.

Unga unatoka.
Uso ule ndio hugoma.