Mara ya Kumi na Moja

Saa sita na robo tunavuta vitanda kutoka ukutani,
vya mbao, vitatu vitatu, kama droo za kabati,
na watoto kumi na wawili wanapangwa humo
wakiwa bado wananukia supu ya samaki na siagi.
Sohvi anazama, kidole mdomoni.
Taavi kalala usingizi wa pono,
jicho moja halijafumba sawasawa.

Eeli, miaka miwili na miezi saba, hazami.
Kwanza unasikia mbao: kwi.
Kisha soksi ya kijani
inachungulia ukingoni kama inauliza njia.
Kisha kisigino. Kisha tumbo linaloteleza,
na pu! bwana mzima amesimama sakafuni,
mikono nyuma, kama mkaguzi wa reli.

Namrudisha.

Siku ya kwanza nilimrudisha kwa maneno:
nilimpa sababu, nilimpa ahadi, nilimpa dubu wa kitambaa.
Alinisikiliza kwa adabu zote
akashuka na dubu kwapani.
Siku ya pili nilikunja uso. Akaucheka ule uso,
akaamsha safu nzima ya chini.
Siku ya tatu Marketta, aliyebakiza miezi mitano astaafu,
aliniambia huku akimenya chungwa:
"Usimpe mchezo. Asiyerushiwa mpira hadaki.
Mrudishe kimya, kama unavyorudisha kikombe rafuni."

Basi nikawa mtu wa vikombe.
Mkono chini ya kwapa, mkono chini ya makalio,
blanketi mpaka kidevuni, hatua tatu nyuma.
Kwi.
Mara ya nne. Mara ya saba.
Mgongo wangu ulianza kuhesabu kabla yangu.
Mara ya kumi na moja niliketi sakafuni
(kwa uchovu, si kwa hekima)
nikamwacha apite.

Hakwenda kwenye vigari.
Hakwenda mlangoni, zilipo buti jozi kumi na mbili
zikikauka ndani ya kabati la joto.
Alikwenda dirishani,
akajitosa nyuma ya pazia zito, ikabaki miguu tu,
soksi ya kijani na mguu mtupu.
Nikaingia naye.

Nje theluji ya Desemba, na jua,
kama hilo ni jua, limelala juu ya mapaa ya Oulu
mithili ya sarafu iliyosahauliwa ukingoni mwa meza.
"Lipo," akasema.
Kisha, bila kunitazama:
"Jana nani alichukua?"

Nilichelewa kuelewa, mimi mwenye vyeti viwili ukutani.
Tunawalaza mchana, tunawaamsha magharibi.
Saa nane u nusu wanafumbua macho, kioo kimeshakuwa wino,
na hakuna anayewaeleza siku ilikokwenda.
Sisi tunauliza tu: umelala vizuri?
Kila leo mtoto huyu analala na mchana mkononi
anaamka mkono mtupu;
amshuku nani kama si kitanda?

Nilimwambia hakuna mwizi. Nilimwambia jua nalo huchoka.
Hakutosheka. Hata mimi nisingetosheka.

Tangu hapo godoro lake liko sakafuni, karibu na dirisha,
na pazia nimelibana kwa kibanio cha nguo,
ufa wa vidole viwili.
Marketta alitikisa kichwa: mwanga utawaamsha wengine.
Haukuwaamsha. Ilmo alinung'unika siku moja, akasahau.

Bado anainuka. Simdanganyi mama yake
anaponiuliza jioni akimvalisha kofia.
Leo ameinuka mara tatu.
Amepiga magoti, paji la uso kiooni,
akanigeukia, akaniashiria kwa kichwa: lipo,
kama mlinzi anayempa zamu mwenzake,
akajirudisha mwenyewe.

Ilipofika saa nane na dakika kumi
wote walikuwa wanakoroma, na yeye.
Nikasimama pale pale kwenye ufa,
vyombo vya mchana vikinisubiri jikoni,
nikalitazama likishuka mpaka ukingo wa mwisho,
ili akiniuliza
nimwambie nilikuwepo.