Nakala Safi

Darasa la Nne, Cwm Helyg, huku Wales,
mvua dirishani tangu Jumatatu.
Barua ishirini na moja zimelala mezani pangu,
zote kwa Halmashauri, zote juu ya bwawa la kuogelea
wanalotaka kulifunga kabla ya Pasaka.
Mwanzo, moto. Katikati, hoja zimekaza msuli.
Halafu mwisho:
"Basi ni hayo tu. Kwaheri."
"Karatasi imeniishia."
Iolo amechora papa.

Nikawaambia: mmekula kondoo mzima,
mnashindwa na mkia?

Nikaandika ubaoni, nikafuta, nikaandika:
mwisho si mahali pa kuchokea.
Usikaribishe mgeni mpya wakati watu wanaagana.
Rudi ulikoanzia, ila usirudi mikono mitupu.
Unachotaka, kitaje,
usikizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Na neno la mwisho liwe zito,
maana ndilo msomaji atakalolala nalo.

Nest akauliza: "Na kama hasomi mpaka mwisho?"
Sikuwa na jibu.
Nikasema, fungueni madaftari.

Gethin, ambaye huandika
kama mtu anayekwamua gari matopeni,
alikaa na sentensi moja hadi kengele ya chakula:
"Tafadhali msifunge bwawa kwa sababu ni zuri."
Akakata "zuri".
Akakata "kwa sababu".
Akatoboa karatasi kwa kifutio, akachukua nyingine.
Akaniletea hii:
"Babu yangu aliugua kiharusi.
Kila Alhamisi hutembea ndani ya maji yale.
Nje ya maji hatembei.
Msimtoe majini."

Sikugusa hata nukta.

Wiki sita. Jibu likaja,
bahasha moja kwa watoto ishirini na mmoja,
karatasi nzito, nembo juu, sahihi ya Bwana Prosser chini.
Nikawasomea. Aya tatu za bajeti,
kisha: "Maoni yenu yamepokelewa
na tutaendelea kulitazama suala hili."

Kimya. Bomba la joto likagugumia ukutani.
Mererid akanyosha mkono.
"Mwalimu, huo ndio mwisho?"
"Ndio huo."
"Lakini hajasema anachotaka."
"Wala hakurudi alikoanzia," akadakia Nest.
Gethin alikuwa akitazama viatu vyake.

Wakaniomba kalamu nyekundu.
Najua mwalimu mwenye busara angekataa.

Pembeni, kwa mwandiko wa Mererid, herufi zimesimama kama askari:
*Mwanzo mzuri. Mwisho dhaifu.*
*Babu yake Gethin yuko wapi humu?*
*Andika tena.*
Iolo akaongeza papa, mdogo, wa heshima.
Tukabandika stempu, tukamrudishia mwenyewe.

Leo ni Alhamisi.
Bwawa bado li wazi; nimepita asubuhi,
nimeona mkongojo umeegemezwa kwenye vigae.
Kutoka kwa Bwana Prosser, bado.
Tunasubiri nakala safi.