Mizani ya Karani

Miaka ishirini na mitatu nilipima majani ya chai.
Kituo chetu kipo chini ya barabara ya Tukuyu:
bati, nguzo nne, ndoano, na mimi.
Nsajigwa, kumi na nne na nusu.
Sekela, ishirini, toa kilo moja ya maji.
Daftari lilifuata nyuma. Sauti ilitangulia,
jina na uzito vikitoka pamoja
kama mtoto na kitovu chake.

Sasa naomba chumvi, nasema, "Jumatano."

Tupokigwe ananisogezea chumvi.
Miezi minane, ameshaijua kamusi yangu:
Jumatano ni chumvi, ngazi ni sweta,
"yule, yule" ni vyote vilivyobaki.
Siku moja niliita redio "mama,"
tukacheka mpaka akaketi sakafuni,
halafu akanyamaza kabla yangu.

Daktari wa Rufaa kule Mbeya
alinionyesha picha ya ufunguo.
"Hiki nini, mzee?"
Niliujua. Niliijua na milango yake:
wa stoo, wa sanduku la mishahara,
ule tulioupoteza mwaka wa mvua ya mawe.
Nilijua ubaridi wake kiganjani.
Jina tu ndilo lilikuwa limetoka kidogo,
bila kuaga.

Kinyakyusa kilirudi mapema.
Siku ya tatu wodini nesi alipita na beseni,
nikasema, "Ndaga," mdomo ukiwa upande.
Nesi, mtu wa Tanga, akainama:
"Unataka nini, baba?"
Sikutaka kitu. Nilikuwa nashukuru.
Kiswahili ndicho kinachochechemea,
kile cha ofisi, nilichokipiga pasi kila asubuhi.

Na uchovu.
Watu wanautazama mkono, wanasema umepona.
Uchovu wa jembe ulikuwa na mshahara wake,
ulikuja jioni, ukabisha hodi.
Huu unanikuta nimevaa soksi moja.
Nakaa na ile ya pili mapajani,
ukungu unashuka, unachukua mlima,
unachukua migomba,
unafika uani kwetu saa nne asubuhi
na mimi bado nina soksi moja.

Jana nilijaribu shairi, kama zamani,
nane kwa nane, vina vimekaa sawa:

*Nilikuwa na kauli, ilotoka kwa wepesi,*
*Nikiwaita kwa mbali, wakaitika upesi,*
*Leo neno ni la ghali, nalipa kwa*
*nalipa*

Hapo nililala, kalamu mkononi.

Wiki hii mara tatu nimeuliza
kaka yangu Anyosisye yuko wapi.
Mara mbili Tupokigwe aliniambia,
mara mbili nikafiwa upya.
Ya tatu alikuwa anamenya ndizi.
Akasema, "Ameenda Kyela, kufuata mchele."
Lakini kisu kilikuwa kimesimama,
na kwa kisu kile nikakumbuka mwenyewe:
jeneza, tope, viatu vyangu vilivyonasa.
"Kyela," nikasema. Neno lilitoka zima.
Akaendelea kumenya.

Leo Sekela amepita na tenga lake,
amenyeshewa, amezeeka, ana haraka.
Akalitua mbele ya kibaraza.
"Karani. Nipimie."
Nikaingiza mkono wa kushoto chini ya tenga,
nikanyanyua kidogo tu, kama mtu anayenusa chungu.
Kumi na saba. Nilikuwa nayo, kamili,
imekaa nyuma ya meno.
"Jumatano," nikasema.
"Jumatano ngapi?"
Hakucheka. Alisubiri, maji yakimtiririka shingoni.

Nikainua kushoto:
tano, tano, tano,
mbili.

"Haya," akasema, akajitwika.
Kituoni wana mizani ya umeme siku hizi.
Sijui ilisoma ngapi. Sekela hurudi kwa njia ya juu,
na wakati huo mimi huwa nimelala.