Kaa

Winnipeg, mwezi wa pili. Ishirini na tisa chini ya sifuri,
ingawa hapa hawataji sifuri, husema ishirini na tisa tu,
kila mtu anajua ni upande gani.
Ghorofa nne za mbao, bado hazijavishwa ngozi,
mbavu nje, zinanukia msonobari na gundi.
Mitungi ya gesi imefungwa mnyororo uani kama mbwa wakali.

Orest Hrynkiw anachomelea mabomba ghorofa ya tatu.
Akimaliza huvua barakoa, hukusanya virago,
hunionyesha ndoo iliyopinduliwa:
keti hapo.
Kwa lugha yangu angesema kaa,
na kaa ni kuketi, na ni kipande cha moto,
na ni yule wa ufukoni atembeaye upande.

Basi nakaa. Saa nzima.
Mtungi mwekundu kuliani, ndoo ya mchanga kushotoni
(maji yangeganda), honi mapajani.
Kazi yangu ni kutazama mahali pasipo kitu
na kuandika kwenye fomu:
saa nane na dakika tano, hakuna kitu.
Saa nane na robo, hakuna kitu.
Rodel akipita na mbao begani huniita Malkia.

Mama aliniuliza kwa simu, kazi gani hiyo?
Nikamwambia nalinda nyufa.
Akacheka: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huku, mama, ukuta tunaujenga,
na ufa ndio nimekabidhiwa mimi.

Dakika ya arobaini na sita.
Si moshi. Harufu,
kama ya kanga iliyosahauliwa chini ya pasi.
Nikavua glovu, nikapitisha kiganja ubaoni:
baridi, baridi, baridi,
kisha vuguvugu, paji la mtoto mwenye homa.
Mita mbili kutoka alipochomelea Orest!
Cheche iliingia tundu la bomba
ikaenda upande, kikaakaa,
ikajilaza katika vumbi la msumeno.

Kwanza honi, ndipo mtungi.
Ushujaa wa kimya ni matanga.
Ngazi mgongoni, moto usoni,
vuta pini, lenga shinani, finya, fagia.
Nimefagia nyua za watu miaka kumi na miwili,
mkono haukungoja mafunzo.
Mtungi una pumzi ya sekunde ishirini.
Ukikata roho, hubishani nao. Unashuka.

Kwenye theluji, kando ya kontena,
Desneige anasoma majina, kalamu imeganda, anahesabu kwa vidole.
Ishirini na wawili.
Tena. Ishirini na wawili.
Asubuhi tuliingia ishirini na watatu.
Orest amekwisha piga hatua kurudi ndani,
Desneige kamkamata ukosi: harudi mtu.
Hapo mlango wa choo cha plastiki ukafunguka,
Rodel, muziki masikioni, anafunga zipu,
anatushangaa tulivyojipanga kama tunampokea.
Hakucheka mtu. Kisha tukacheka wote,
isipokuwa Orest, aliyekwenda kutapika nyuma ya lori.

Zimamoto walipasua ukuta.
Weusi wa ukubwa wa kifuniko cha sufuria, basi.
Lakini niliuona vizuri:
jengo zima lilikuwa mle, limekunjwa,
linangoja dakika kumi na nne zilizobaki.

Kesho yake Orest alifagia vumbi mwenyewe, kwa magoti.
Akaziba matundu, akatundika blanketi la moto,
akachomelea polepole kama mtu anayeshona jeraha.
Hakuniomba radhi. Sikumdai.
Alisimama tu, barakoa mkononi, hajui aende wapi.
Nikapindua ndoo ya pili.
"Kaa," nikamwambia, kwa Kiswahili.
Akakaa.

Saa nane na robo.
Hakuna kitu.