Kilomita Tisa

Shambani kwa Gunvor Thelander, kusini kabisa mwa Uswidi,
unaruhusiwa kuuona mzabibu,
kugusa jani lake, kupiga picha na mbwa,
kuteremka ngazi kumi na moja hadi kwenye mapipa,
kulipia ziara, kuketi, kumiminiwa vidole viwili
vya divai nyeupe yenye harufu ya tufaha na jiwe lililonyeshewa.
Unaruhusiwa kusifu.
Kununua, hapana.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Huyu sifa zimemjaa hadi mlangoni
na tone la maji hajatia.
Kizibo anaweza kukuuzia.
Chupa iliyo chini yake, sheria imekaa juu yake.

"Nendeni mjini," huwaambia wageni,
akikunja kitambaa cha meza kama anayekunja bendera,
"kilomita tisa. Duka la serikali. Mkaagize."

Ndipo wanapofika kwangu.
Mimi ndiye karani, shati la kijani, jina kifuani,
miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta hiyo hiyo.
Nawaandikia agizo.
Chupa inapakiwa lorini, inapanda kaskazini usiku kucha,
inalala ghalani kando ya mji mkuu,
inahesabiwa, inabandikwa namba, inashuka tena,
kilomita elfu moja na mia mbili,
ije isimame mbele yangu imechoka kama abiria.
Siku tano. Mgeni amesharudi kwao.

Inachekesha, najua.
Mwaka wa uchaguzi mbunge Hylander alikuja kuicheka mbele ya kamera,
akashika mkasi, akakata kichala
(Gunvor alikunja uso: kilibakiza wiki mbili),
akasema uhuru, akasema mkulima, akasema muswada uko njiani.
Muswada nao ukapanda kaskazini.
Ukalala kamatini.
Daktari mmoja akauliza: leo shamba, kesho kituo cha petroli?
Mwanasheria akauliza: ukimfungulia Gunvor,
utamfungiaje tajiri wa ng'ambo?
Mwaka ukaisha. Hylander akahamia mambo ya reli.

Mimi siku ile sikupiga makofi, wala sikuzomea.
Kila Jumamosi, saa tisa kamili alasiri, nafunga mlango,
na saa tisa na dakika moja anafika Sixten wa kiwanda cha sukari,
anagonga kioo kwa pete ya ndoa isiyokuwepo tena.
Ananitukana. Namtazama.
Naijua pete inavyolia kwenye kioo.
Ya baba ililia hivyo hivyo, mlango huu huu,
mimi nina miaka tisa, nimebaki garini,
naomba mlango usifunguliwe.
Haukufunguliwa.
Jumapili ile alinyoa ndevu, akatukaangia samaki,
akamwuliza mama kama chumvi imetosha.
Jumapili moja.
Msiniulize zilizofuata.

Nilimsimulia Gunvor, sijui kwa nini,
mwezi wa Novemba, nilipokwenda kununua mayai.
Mayai anauza barabarani: sanduku, kopo la sarafu,
wala hakuna mlinzi, wala hakuna muswada.
Alisikiliza, mkasi wa kupogolea mkononi.
"Unadhani mimi ningemwuzia Sixten?"
Nikanyamaza.
"Ningemwuzia," akasema. "Mkopo wa benki haujui Sixten ni nani."
Akaingia ndani, akatoka, akanipakia mayai mwenyewe,
thelathini, akafunika kwa gazeti.

Nyumbani, chini ya safu ya mwisho,
chupa. Haina namba. Haina lebo.
Imesafiri kilomita tisa tu, katika gari la karani wa serikali.

Wiki ya tatu sasa iko juu ya friji.
Mke wangu hupangusa vumbi pembeni yake, haigusi.
Sijaifungua. Kuirudisha pia sijairudisha.
Mayai yamekwisha,
na kesho lazima nipite tena kwake na trei tupu,
nami sijui nitatia sarafu ngapi kwenye lile kopo.