Hesabu ya Ampea

Juni imefika Dar, watu wametoa makoti kabatini
kwa upepo wa asubuhi usiotosha kupoza uji.
Saa sita mchana, Gerezani, bati linatokota kama kawaida,
na mteja wangu anataka joto.

"Nifungie hita," kasema, kama mtu anayeagiza soda.
Jasho limemchora ramani mgongoni.
Hiace yake kaing'oa viti, kailaza godoro,
pazia la kitenge, ndoo, tochi, Biblia.
"Hita ya nini, Bwana Tweve?"
"Naenda Makete. Ukiacha maji kwenye beseni usiku,
asubuhi unayagonga na kijiko."

Mkononi ana hita ya nyumbani, bado ina karatasi ya duka.
Nikachukua chaki, nikaandika ubavuni mwa gari:
wati elfu moja na mia tano, gawa kwa volti kumi na mbili,
ampea mia na ishirini na tano.
"Betri itakata roho hujamaliza hata sala ya kulala.
Karudishe. Lete ile ndogo, wati mia na hamsini.
Haitakuotesha jasho,
ila vidole vya miguu utaviamkia vyote kumi."

Akarudi nayo saa tisa.
Nikavuta waya mnene, fyuzi nikaiweka jirani na betri,
tukafunga milango tuijaribu.
Nje vijana wakapiga kelele:
"Mwanahawa anakaanga mteja!"

Dakika kumi. Kumi na tano.
Kwenye joto la namna ile mtu lazima avue kitu.
Yeye alivua siri.

"Nyumba ipo," akasema. "Vyumba vinne,
na moto wa jikoni haujawahi kuzimwa tangu nizaliwe.
Anakaa Asheri, mdogo wangu.
Jumamosi tunasimika msalaba wa baba.
Mle ndani silali."
Sikuuliza. Mita ilisoma kumi na mbili nukta tatu.
Nikaisoma tena.
"Ni mianzi, Fundi. Kichaka kimoja cha mianzi.
Nani ageme ulanzi wake.
Mwaka wa tisa huu hatujasalimiana."

Nikarudi kwenye chaki.
Mia, gawa kwa kumi na mbili na nusu: saa nane nzima.
Ukiwasha saa tatu usiku, karatasi inakufikisha alfajiri.
Lakini karatasi haijawahi kulala Makete.
Betri nayo husikia baridi,
wala haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho.
Toa theluthi.
"Saa nane na kitu usiku, itazima."

"Nikiwasha injini?"
"Umelala? Thubutu.
Moshi hauna adabu, unaingia bila hodi."

Akafikiri. "Huna betri ya pili?"

Ilikuwepo. Chini ya meza, imefunikwa gunia,
mia kamili, nimeichaji jana.
Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
angelala mpaka jua likamtoa,
akasimama makaburini, akasimika msalaba,
akageuza gari bila kugusa mlango wa mtu.

"Zimeisha," nikasema. "Mzigo bado uko bandarini."

Akalipa, hakuomba punguzo.
Nikamwandikia risiti, na nyuma yake, sijui kwa nini,
nikaandika: saa nane usiku.
Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia.

Leo Jumapili. Simu yake haipatikani.
Labda mtandao. Kule milima mingi.
Labda amekaa jikoni, kikombe cha mwanzi mkononi,
wanabishana na Asheri mpaka sasa.
Labda ana blanketi moja tu na kiburi,
na kiburi hakina wati.

Nimeitoa ile betri chini ya meza.
Nimeifuta vumbi, nikairudisha,
nikaitoa tena.
Kuna mtu mlangoni anataka feni ya gari,
anapepea uso kwa kofia, anasema Dar inaua.
Nimemwambia asubiri kidogo,
nampigia mtu.