Arubaini ya Kitatange

Amekuja Jumanne ndani ya mfuko wa nailoni,
ukubwa wa kiganja cha mtoto, manjano ya bizari,
mdomo mrefu kama kibano cha fundi saa.
Mbaruku alimnasa Mwambani, maji yalipokupwa.
Alitaka elfu ishirini. Nikampa kumi na nne, na chai.

Nimemtenga chumba cha nyuma, hapa Chumbageni,
palipokuwa jiko la mama.
Tangi la kioo lisilo mchanga wala jiwe,
kipande cha bomba la plastiki ajifiche,
na kanga kuukuu ya kumpunguzia mwanga.
Maandishi yake yamefutika, limebaki USINI,
na sijui usinifanye nini.

Daktari Shemhilu, wa meno, Barabara ya Nane,
anapiga simu: Lini? Wagonjwa wangu waoga,
wanataka kitu cha kutazama.

Mwaka juzi nilimsikiliza.
Mgeni akaingia tangi kubwa siku ile ile.
Vikatokea vidoa, chengachenga za chumvi,
kwanza mapezini,
halafu machoni.
Siku ya tisa nilikuwa natoa maiti kwa chujio la tui,
kumi na saba, na mtoto mwenye jino bovu
akinihesabia kwa sauti.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu atakaa arubaini,
na jembe nashika mimi:
madumu ya maji kutoka Raskazone kwa bajaji,
tone la kipimo, kama rangi ni kijani, mwaga, anza upya.

Nyumba hii inaijua arubaini.
Dada yangu aliikaa humu na mwanawe mchanga,
mlango umerudishwa, uji unapitishwa kwa mkono.
Na mama, tulimsomea hapo uani.
Hesabu ile ile. Mmoja anatoka nje,
mmoja tunamwacha aende.

Siku ya tatu, kamba wa kusaga: akatema.
Siku ya tano, mayai ya samaki: akayatazama
kama mtu anayesomewa deni la marehemu.
Siku ya saba umeme ulikatika.
Nikayapulizia maji kwa pampu ya baiskeli
mpaka adhana ya alfajiri,
na mkono huu hadi leo haufungi kitasa.
Siku ya kumi tumbo limebonyea, mgongo unachongoka.

Mashavu, jirani, akachungulia:
Samaki asiyekula, aliwe.
Akaenda zake akicheka. Ndimu alikuwa nayo mkononi.

Leo nimepasua kombe mbichi,
nimeifunga uzi wa kushonea,
nikaiteremsha pole pole hadi chini,
nikarudi nyuma ya kanga, pumzi nimeibana.

Akatoka bombani.
Akageuza jicho moja. Akageuza la pili.
Akaenda, akarudi, akaenda, akajifanya hajaiona.
Kisha kile kibano kikashuka,
kikang'oa kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho,
na hakikutema.

Nilitaka kupiga kelele. Kelele humtisha.
Nikaandika ukutani kwa mkaa: amekula.
Nikalifuta. Nikaandika: ameonja.

Zimebaki siku ishirini na tisa.
Simu ya daktari inalia, na ilie.
Kwa Mashavu changu anakaangwa,
harufu inaingia mpaka huku ndani.
Nainuka, nafunga dirisha,
kwa adabu tu,
mwenzake asisikie.